Ash'ath bin Qays: msaliti wa Siffin, au mkubwa wa kabila aliyelinda kiti chake?

Dada yangu, nalifupisha swali lako ili wengine nao waelewe tunazungumzia nini. Umesikiliza darsa mbili kuhusu vita vya Siffin, kati ya Sayyidna Ali na Muawiya, gavana wa Sham, kwenye ya kwanza shekhe kasema Ash'ath bin Qays ndo aliyemvunja mgongo Sayyidna Ali, kwenye ya pili shekhe mwingine kasema huyu ni sahaba, tunyamaze. Na wewe unataka kujua alikuwa nani hasa, alikuwa anataka nini, na ukoo wake uliishia wapi.

Kwa miaka mingi nasomesha historia ya karne ya kwanza ya hijra na huyu mtu wanafunzi humuulizia kila mwaka, manake kila ukigeuka yupo. Yupo Madina kwa Mtume (s.a.w.), yupo kwenye vita vya ridda, yaani vya walioasi Mtume alipofariki, upande wa waasi, yupo Qadisiyya kwenye vita na Waajemi, yupo Siffin, yupo Nahrawan, na hata usiku aliopigwa Sayyidna Ali kuna wanaomtaja. Mimi naona hivi: Ash'ath alikuwa mkubwa wa kabila la Kinda kwanza, mengine yote yalifuata nyuma ya hilo. Siasa yake yote ilikuwa kukaa katikati, mtawala akitaka watu wa Kinda apite kwake, na watu wa Kinda wakitaka kitu kwa mtawala wapite kwake pia. Popote aliposikia kiti hicho kinatikiswa alibadilika. Nieleze taratibu.

Anza na Hadhramaut, kule Yemen, kwao Kinda. Sisi wa pwani hiyo si nchi ya mbali, familia ngapi Lamu, Mombasa na Unguja asili yao huko, na vijana wangapi wamekwenda kusoma Tarim. Sasa karne moja na zaidi kabla ya Mtume, Kinda walikuwa na ufalme wao katikati ya Bara Arabu, mshairi Imru' al-Qays ni wa nyumba hiyo hiyo ya kifalme, alafu ufalme ukavunjika karne ya 6 na wengi wakarudi Hadhramaut. Kwa hiyo Ash'ath kazaliwa kwenye watu waliokuwa na kumbukumbu ya taji. Jina lake halisi ni Ma'dikarib, Ash'ath ni lakabu tu ya nywele zake zilizotimka. Baba yake aliuawa na watu wa Murad, mwana akatoka kwenda kulipa kisasi akaishia kutekwa, na inasimuliwa kwamba alikombolewa kwa ngamia 3,000. Idadi hiyo hata kama wasimulizi wameivuta inakuonyesha watu walimwona wa thamani gani.

Mwaka wa 10 hijria, yaani 631, akaongoza ujumbe wa Kinda kwenda Madina, wapanda farasi na ngamia kama 60 hadi 80, nywele zimechanwa, wanja machoni, majoho yenye pindo za hariri. Mtume akawauliza, kwani hamjasilimu? Wakasema tumesilimu. Akawauliza, basi hii hariri shingoni ni ya nini? Wakaichana pale pale wakaitupa. Alafu Ash'ath akasema sisi ni wana wa Akil al-Murar na wewe ni mwana wa Akil al-Murar. Huyo ni babu wa kifalme wa Kinda, na kweli kwenye ukoo wa Mtume kuna bibi wa juu anayetoka Kinda. Unaona anachofanya? Mtu ameingia kwenye dini mpya na kitu cha kwanza anachotafuta ni undugu wa damu na mwenye dini, ndivyo wakubwa wa makabila walivyokuwa wakifunga mikataba. Mtume akatabasamu, akasema sisi ni Banu Nadr bin Kinana, hatufuati nasaba ya mama tukamwacha baba. Ash'ath akawageukia wenzake akawaambia yeyote nitakayemsikia akirudia maneno haya nitamchapa fimbo themanini. Alielewa haraka kwamba Madina nasaba si sarafu inayotumika vile alivyozoea. Na kabla ya kuondoka ilipangwa dada yake Qutayla aolewe na Mtume, ila Mtume akafariki kabla ya bibi harusi kufika.

Hapo ndipo pagumu pa kwanza. Mtume kafariki 632, na Hadhramaut mkusanyaji wa zaka alikuwa Ziyad bin Labid, Mwansari, mtu mkali. Ugomvi ulianza na ngamia mmoja tu, mwenyewe anamtaka abadilishiwe, Ziyad anasema kishapigwa alama ya zaka, harudi. Hebu usilichukulie kama jambo dogo, kwa mtu wa kabila kuambiwa na mgeni mbele ya watu wako kwamba mali yako hairudi hata ukitoa mbadala ulikuwa ni udhalilishaji, na kwa upande wa Madina kulegeza alama ya zaka kulikuwa ni kufungua mlango ambao haufungiki. Banu Amr bin Muawiya wakaasi, wafalme wao wanne wakauawa, na Ash'ath ambaye mwanzo hakuwa mbele akajikuta watu wanamtazama yeye. Akaingia. Mwisho wakazingirwa kwenye ngome ya Nujayr, karibu na Tarim, na majeshi ya Ziyad na Muhajir bin Abi Umayya.

Njaa ikawashika, na Ash'ath akatoka kuzungumza. Akachukua amani, yaani ahadi ya kutouawa, ya watu wachache, karibu kumi, kwa sharti la kufungua lango. Waliobaki ndani, mamia ya wapiganaji, wakauawa, wanawake na watoto wakatekwa. Wasimulizi wanasema kwenye orodha ya waliopewa amani alisahau kuandika jina lake mwenyewe, ndo maana hakuachiwa akapelekwa Madina na pingu, na njiani mateka wa Kinda wakawa wanamlaani. Mimi hapa simtetei. Mkubwa wa kabila anayefungua lango kwa amani ya watu kumi huku mamia wakichinjwa amefanya jambo ambalo kwa sheria yake mwenyewe ya kikabila ni aibu isiyofutika, na nadhani maisha yake yote yaliyobaki alikuwa anajaribu kuinunua tena heshima ile aliyoiacha Nujayr.

Madina Abu Bakr angeweza kumkata shingo. Badala yake akamsamehe na akamwoza dada yake, Umm Farwa. Watu wengi wanashangaa hapo, lakini tazama hali ilivyokuwa: Kinda na Wayemeni kwa jumla walikuwa wengi sana, na vita na Warumi na Waajemi vinaanza, dola inahitaji wapiganaji na inahitaji mtu wa kuwaita. Siku ya harusi inasimuliwa Ash'ath aliingia soko la ngamia na upanga, kila ngamia anayekutana naye anamkata miguu, watu wakapiga kelele Ash'ath karitadi tena! Akawaambia, wallahi tungekuwa kwetu karamu ingekuwa nyingine, watu wa Madina kuleni, wenye ngamia njooni mchukue thamani yenu. Mfungwa wa jana kawalisha watu wa mji mzima. Ndio lugha yake ya siasa hiyo. Lakini mwanahistoria Tabari amepokea pia kwamba Abu Bakr akiwa kitandani mwisho wa maisha yake alitaja mambo aliyotamani angeyafanya, na moja ni kwamba siku ile alipoletewa Ash'ath mateka angempiga shingo.

Wakati wa Umar mambo yakawa magumu kwake kwa namna nyingine. Umar alipanga watu kwa kutangulia kwao kwenye Uislamu, daftari la malipo, yaani diwani, likafuata hilo, aliyetangulia anachukua zaidi. Waliowahi kuritadi wakaruhusiwa kupigana ila hawakupewa uongozi mkubwa. Ash'ath akapigana, inasemekana jicho moja alilipoteza Yarmuk mwaka 636, alafu akawa Iraq, Qadisiyya na baada yake, kisha akajenga nyumba Kufa mji ulipoanzishwa mwaka 638. Na kuna kisa kinachoonyesha Umar alivyomtazama: Khalid bin Walid akiwa Qinnasrin, Sham, alimpa Ash'ath zawadi ya dirham 10,000. Umar akaamuru Khalid aulizwe hadharani hizo pesa katoa wapi, kama ni za umma ni khiyana, kama ni zake ni israfu. Kilichofuata ni Khalid kuondolewa kwenye kazi. Yaani zawadi kwa mtu huyu mmoja ilitosha kuwa sababu ya kumwondoa jemadari mkubwa kuliko wote, manake Umar hakutaka kabisa ile mila ya wakubwa kulishana irudi kwa mlango wa nyuma.

Kufa ndo mahali pa kupaelewa, dada, usipoielewa Kufa hutaielewa Siffin. Ulikuwa mji wa jeshi, watu wamepangwa kwa makabila, kila kundi na mtaa wake na msikiti wake na watu wa kugawa malipo. Ndani ya kila mtaa kulikuwa na aina mbili za wakubwa. Kuna waliopata sauti kwa sababu walitangulia, walipigana mapema, ni wasomaji wa Qur'ani, hata kama kwao walikuwa watu wa kawaida. Na kuna mashrafu wa kikabila, wenye nasaba na wafuasi, ambao wengi walichelewa kuingia au kama Ash'ath waliingia wakatoka wakaingia tena. Umar aliwabeba wale wa kwanza. Uthman akawarudisha wale wa pili, na Ash'ath akapewa ugavana wa Azerbaijan. Hapo ndipo alipofika juu, karibu na umri wa miaka 50 na kitu, ana jimbo, ana ardhi, ana Kinda nyuma yake.

Alafu Uthman akauawa mwaka 656 na Sayyidna Ali akashika ukhalifa. Baada ya vita vya Ngamia, vile vya Basra dhidi ya Bibi Aisha, Talha na Zubayr, Ali alimwandikia Ash'ath barua ambayo sehemu yake inajulikana sana, kwamba kazi hii si tonge la kulia bali ni amana shingoni mwako, na mali iliyo mikononi mwako ni ya Allah na wewe ni mtunzaji tu mpaka uikabidhi kwangu. Ash'ath akaelewa maana yake ni hesabu na kuondolewa. Inasimuliwa aliwaambia watu wake barua imenitia hofu, nataka niende kwa Muawiya. Watu wake wakamwambia utaiacha nchi yako na jamaa zako uwe mkia wa watu wa Sham? Akaona haya, akarudi Kufa. Usilipite hilo jibu haraka, hawakumwambia Ali ndiye mwenye haki, walimwambia ukienda kule hutakuwa mkubwa. Na ndo lililomshika.

Kwa hiyo Siffin, 657, kaingia akiwa amepoteza jimbo na yuko kwenye jeshi la mtu anayewapa sauti watu kama jemadari wake Malik al-Ashtar na Hujr bin Adi. Huyu Hujr mzingatie, naye ni Mkinda! Yaani khalifa ana Mkinda mwingine, mtu wa taqwa, asiyehitaji Ash'ath ili amfikie khalifa. Na hata bendera ya Kinda na kabila la Rabia iliwahi kuondolewa mkononi mwa Ash'ath akapewa mtu wa Rabia, Wayemeni wakaja juu. Hapo kiti chenyewe ndicho kilichotikiswa. Pamoja na hayo alipigana vizuri, jeshi la Sham lilipouziba mto Furati watu wa Iraq wasinywe maji, yeye na Ashtar ndio waliovunja njia mpaka majini. Anayesema alikuwa mtu wa Muawiya tangu mwanzo atueleze hilo.

Kisha usiku wa Harir, mapigano yasiyokatika, maiti zimelala huku na huku, Wayemeni wa Iraq wanauana na Wayemeni wa Sham, wengine ni Kinda kwa Kinda. Ash'ath akawahutubia watu wake usiku ule, akasema mmeona yaliyotokea, tukikutana tena kesho Waarabu wamekwisha, wanawake na watoto watabaki na nani? Maneno yalimfikia Muawiya akasema kasema kweli, na asubuhi mas-hafu zikanyanyuliwa kwenye mikuki. Kuna wanaosema yalikuwa makubaliano ya siri. Mimi siwezi kulisema hilo kama ukweli, na pia sioni kama tunalihitaji ili kumwelewa, mkubwa wa kabila akiona kabila linakwisha pande zote mbili ana sababu ya kutosha kutaka vita visimame, na Muawiya alikuwa mwerevu wa kuisikia hofu hiyo na kuipa njia.

Ila yaliyofuata ndiyo yanayombana. Ashtar alikuwa anakaribia kushinda, Ash'ath na wengine wakashikilia aitwe arudi. Ash'ath mwenyewe akaenda kwa Muawiya kuuliza anataka nini, akarudi na pendekezo la mahakimu wawili. Sayyidna Ali akamtaka Ibn Abbas, akakataliwa, akamtaka Ashtar, Ash'ath akasema kwani nani mwingine aliyeiwasha nchi moto kama si Ashtar? Akashikilia Abu Musa al-Ash'ari, ambaye hakuwa amepigana upande wowote, na hoja aliyoitoa waziwazi ni kwamba hawezi kukubali wahukumu Wamudhar wawili, yaani Waarabu wa kaskazini kama Maquraysh, lazima mmoja awe Myemeni. Fikiria hapo, suala la nani awe khalifa wa Waislamu wote na hoja yake ni uwiano wa makabila! Kwenye kuandika mkataba upande wa Muawiya wakakataa cheo cha Amirul Muuminin kiandikwe, Ahnaf bin Qays wa Tamim, naye mkubwa wa kabila vile vile, akasema usikifute hata watu wakiuana, Ash'ath akasema kifute. Kikafutwa. Kwa hiyo usiniambie kila mkubwa wa kabila angefanya alivyofanya yeye, Ahnaf alikuwepo na alisema tofauti.

Baada ya hapo akaubeba mkataba akawa anawasomea watu safu kwa safu, kwa fahari. Alipofika kwa Banu Tamim, Urwa bin Udayya akapiga kelele mnawafanya watu wawe mahakimu kwenye amri ya Allah, hukumu ni ya Allah peke yake, akampiga mnyama wake kwa upanga. Ukelele ule ndio ulioenea wakatoka Khawariji, waliojitoa kwenye jeshi la Sayyidna Ali wakampinga. Mwaka uliofuata, 658, baada ya kuwapiga Khawariji Nahrawan, Sayyidna Ali akataka aende moja kwa moja Sham na Ash'ath ndo aliyesema mishale yetu imekwisha, panga zetu zimekuwa butu, turudi mjini tujiandae. Wakapiga kambi Nukhayla nje ya Kufa na watu wakaponyoka mmoja mmoja mpaka kambi ikabaki tupu. Safari ya Sham haikufanyika tena.

Kuhusu usiku wa kupigwa Sayyidna Ali, Ramadhani ya mwaka 40, zipo riwaya kwamba Ash'ath alikuwa msikitini na akamwambia Ibn Muljam, Mkhawariji aliyempiga, harakisha, alfajiri itakufichua, na Hujr akasikia. Wapo wanaozishika na wapo wanaozikataa, na mimi sitajenga hukumu juu yake. Najenga juu ya yale ambayo wapokezi wa pande zote wanakubaliana, nayo ni mazito ya kutosha. Yeye mwenyewe kafariki muda mfupi baadaye, 661, na aliyemsalia anasemekana ni Hasan bin Ali, ambaye alikuwa mkwewe.

Sasa kuhusu neno usahaba. Ndiyo, alimwona Mtume, na kuna hadithi zake, maarufu ni ile ya Bukhari ambapo anasema aya ya 77 ya Aal Imran, ya wanaouza ahadi ya Allah na viapo vyao kwa thamani ndogo, ilishuka kwenye kesi yake ya ugomvi wa kisima, Mtume akamtaka mashahidi au kiapo cha mwenzake, naye akasema basi ataapa tu achukue mali yangu. Wapo wanazuoni waliojadili usahaba wa mtu aliyeritadi kisha akarudi. Huo ni mjadala wa kielimu na una adabu yake, lakini kunyamaza kabisa hakufundishi mtu historia, na kumwita msaliti kisha ukafunga kitabu hakufundishi pia, kwa sababu kunawaacha wale maelfu ya watu wa Kufa waliomfuata wakiwa hawana maelezo. Walimfuata kwa nini? Walichoka, walikuwa na ndugu upande wa pili, na yeye ndiye aliyewasemea hofu yao. Huo ndio ulikuwa udhaifu wa jeshi la Iraq, Sayyidna Ali alikuwa anaongoza watu ambao njia ya kuwafikia ilipita kwa wakubwa ambao hawakumhitaji ashinde.

Ukoo wake sasa. Binti yake Ja'da alikuwa mke wa Hasan na ndiye anayetuhumiwa kwenye riwaya nyingi kwamba alimpa sumu. Mwanawe Muhammad, mama yake Umm Farwa, ndiye aliyempa Muslim bin Aqil, mjumbe wa Husayn bin Ali, amani pale Kufa mwaka 680, na gavana Ibn Ziyad akaivunja amani ile na kumuua. Hapo uone cheo cha shrafu kilipofika, baba alikuwa akisema Wayemeni wananyamaza, mwana anatoa amani yake na mtawala anaikanyaga mbele ya macho yake na yeye anabaki kwenye utumishi. Qays, mwana mwingine, alikuwa Karbala kwenye jeshi lililomuua Husayn na anatajwa kuchukua joho lake. Muhammad akafa akipigana na Mukhtar, aliyeinuka Kufa kulipiza damu ya Husayn, 687 hivi.

Kisha mjukuu, Abdul-Rahman bin Muhammad, maarufu Ibn al-Ash'ath. Hajjaj, gavana wa Iraq, alimtuma na jeshi lililopambwa mpaka likaitwa jeshi la Tausi, kwenda kupigana na mfalme wa Zabulistan kule Afghanistan ya leo. Hajjaj akawa anawasukuma kwa barua za matusi wasisimame hata baridi, wakamgeukia, wakarudi Iraq na mjukuu wa Ash'ath mbele, mashrafu na wasomaji wa Qur'ani bega kwa bega safari hii, Kufa na Basra zikawafungulia. Khalifa Abdul-Malik alikuwa tayari hata kumwondoa Hajjaj ili wakubali, viongozi wakataka kukubali, jeshi likakataa. Wakapigana karibu na Dayr al-Jamajim muda mrefu na mwaka 82 au 83 hijria wakashindwa. Abdul-Rahman akakimbilia kwa yule yule mfalme aliyetumwa kumpiga na akafa huko mwaka 704 hivi. Hajjaj akajenga mji wa Wasit katikati ya Kufa na Basra, akaweka humo askari wa Sham, na toka hapo wakubwa wa makabila wa Kufa hawakuulizwa tena nani atapigana na nani atarudi nyumbani.